Gauni la Mkono Mmoja

Mtu aliyekuchukia mwaka mzima akikuita ghafla uende akakupime gauni la harusi, usikimbilie kupiga vigelegele. Mimi nilikimbilia. Nilipanda ngazi za ghorofa nne viatu mkononi, roho juu juu, nikijiambia, mwanamke, leo umeshinda.

Nasema ngazi kwa sababu lifti ya jengo lile ilikufa zamani. Na kichekesho ni kwamba mpenzi wangu ni fundi wa lifti. Mji mzima anaupandisha na kuushusha, lakini mama yake mzazi anapanda kwa miguu, maana mwenye jengo hataki kununua kamba mpya ya chuma, na fundi bila kamba ni mtu wa kawaida tu. Mganga hajigangi. Ndiyo sababu nilimbatiza Pandashuka. Yeye ananiita Sindano. Anasema ni kwa ajili ya kazi yangu ya uuguzi. Muongo mkubwa, ni kwa ajili ya ulimi wangu.

Alinifungulia mlango mwenyewe.

"Umechelewa," alininong'oneza. "Mama ameshaniuliza mara tatu."

"Bibi harusi hachelewi. Wengine ndio huwahi."

Alicheka bila sauti, akanitazama. Yale macho yake yana tabia mbaya. Yakikushika, unasahau ulichokijia, unasahau hata kuvaa viatu vyako. Nilisimama pale kizingitini kama mjinga, na laiti sauti ya mama yake isingetoka ndani, ningesimama hadi leo.

"Mnapima gauni mlangoni?"

Tuliingia. Chumba kilikuwa cha kazi na cha kupumzika kwa pamoja. Cherehani ilikuwa dirishani, vitambaa vimepangwa ukutani, na pembeni kulikuwa na kiti kikubwa cha mikono kilichorundikiwa mito. Niliiona ile mito. Sikuitilia maanani, maana macho yangu yalikuwa yameshavutwa na kitu kingine. Juu ya meza lilikuwa limelazwa gauni rangi ya maziwa, kifua kimeshonwa, mkono mmoja umeshapachikwa, na mkono wa pili ukisubiri na pini zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua hilo shati. Sipimi shati, napima mtu."

Huyu mama, kabla hajaugua, alikuwa fundi ambaye mabibi harusi walimngoja kwa foleni. Kisha viungo vikaanza kumuuma. Vidole vikavimba, vikapinda, hata kifungo hakuweza kukifunga. Akaifunika cherehani kwa shuka jeupe, na mwanawe aliniambia kwamba kila akipita pale alihisi kama kuna maiti ndani ya nyumba. Moyo wake nao ulikuwa na hitilafu ya siku nyingi, hivyo dawa kali za maumivu alikuwa akikatazwa.

Hapo ndipo walipokuja kwetu. Hospitali yetu inafanya utafiti wa dawa mpya ya maumivu ya viungo kwa watu wenye matatizo ya moyo. Tunataka kujua kama inaweza kutuliza maumivu bila kuuchokoza moyo. Wengine wanakunywa dawa yenyewe, wengine wanakunywa kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu ndani, na hata daktari hajui nani kapewa kipi. Pandashuka alimleta mama yake akiwa amemshika mkono kama anavuka naye mto. Nilimwona, naye akaniona, na kazi ikaniharibikia. Nilipoona mapenzi yamenifika shingoni nilikwenda kumwambia daktari mkuu, akanitoa katika uangalizi wa mama huyo. Mwenzangu ndiye aliyempima uzito na miguu kila alipokuja. Mimi sikuwahi kumgusa tena.

Na mama mwenyewe hakutaka niguse chochote chake, kuanzia na mwanawe. Mimi nimewahi kuolewa nikaachika. Aliposikia hivyo alimwambia kijana wake mbele yangu, "Mimi nashona nguo mpya. Sirekebishi mitumba." Nililia siku ile. Nililia kwa hasira, na hasira ikizidi mapenzi ni shida, na mapenzi yakizidi hasira ni shida zaidi.

Sasa mama huyo huyo alikuwa amenizungushia futi kiunoni.

"Pumua kama kawaida. Ukijibana hapa, siku ya siku zipu itakuaibisha."

"Sijajibana, mama."

"Umejibana. Nimepima viuno kabla hujazaliwa." Akaupitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa mara ya kwanza tu, akaniinulia vidole usoni. "Unaviona hivi?"

"Naviona, mama."

"Vilikuwa kama tangawizi. Sasa vitazame. Nakunja, nakunjua. Jana nimeshona mpaka mwanangu akanipigia kelele. Nilidhani nitakufa sijashona tena." Macho yake yalilowa, akayafuta haraka kwa kiganja. "Mliponipa kile kidonge, mlinirudishia mikono yangu. Nimefikiri sana. Nikasema, huyu msichana yumo kati ya walionirudishia mikono. Basi nimshonee."

Jamani, niliyeyuka. Nilimtazama Pandashuka, naye alikuwa anaangalia sakafu. Nikadhani ni haya. Mwanamume mzima anaona haya mbele ya mama yake, nikampenda zaidi.

"Geuka," mama akasema. "Nataka kupima pindo."

Akapiga magoti nyuma yangu, na hapo nikasikia.

Nimefanya kazi wodi ya moyo kabla ya huu utafiti. Ile sauti naijua. Ni pumzi inayofika mwisho ikapiga filimbi nyembamba, kama mlango usiotiwa mafuta. Ikaja moja, ikaja ya pili. Mama hakuinuka. Mkono wake ulinishika paja, ukinishikilia badala ya kunipima.

"Mama, nikuinue?"

"Nimekuomba?"

Niligeuza shingo nikatazama chini. Kandambili zake zilikuwa zimechanwa mikanda kwa wembe ili mguu uingie. Mguu wenyewe ulikuwa umejaa, ngozi inang'aa, kifundo hakionekani. Ndipo nikaitazama tena ile mito kwenye kiti. Mtu ambaye moyo unamlemea hulala ameketi, maana akilala chali anakosa pumzi.

"Mama, usiku unalala wapi?"

"Swali gani hilo? Nalala kwangu."

"Kitandani au kwenye kiti?"

Futi iliacha kusogea.

"Wewe," mama akamwambia mwanawe, "nenda kaninunulie uzi mweupe. Huu umeniishia."

Kibweta cha uzi kilikuwa kimejaa, sote watatu tulikuwa tunakiona. Pandashuka alinitazama mara moja, tena kwa macho ambayo sikuyajua, akatoka. Mama alishika ukingo wa meza akajivuta juu taratibu, akaketi kwenye kile kiti cha mito. Mimi nikabaki nimesimama na gauni la pini mwilini, siwezi kuketi wala kujikuna.

"Tuseme kike," akasema alipopata pumzi. "Umeona, nami nimeona umeona."

"Tangu lini?"

"Miezi."

"Haiwezekani. Mwenzangu anakupima kila mara. Uzito mzuri, miguu mizuri. Anakusifu."

Mama akatabasamu, tabasamu la mtoto aliyeiba sukari. "Siku moja kabla ya kuja kwenu nakunywa kidonge cha kutoa maji. Nakojoa mpaka nasikia kiu ya punda. Usiku kucha nainua miguu ukutani. Asubuhi nina mguu wa mwali. Nikirudi nyumbani, maji nayo yanarudi."

Tuna mashine za kila namna pale hospitalini, tuna madaktari waliosoma hadi nywele zikawatoka, na mama mmoja ametuzunguka sote kwa kidonge cha mkojo na ukuta.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu siku ya kwanza mlinisomea masharti. Miguu ikivimba niseme, pumzi ikinibana niseme, na mtanisimamishia dawa. Mliyasema wenyewe. Sasa mimi niseme ili vidole virudi tangawizi? Nani mwenye akili atasema?"

"Ni moyo huo, mama. Moyo unazidiwa, maji yanajaa. Mficha maradhi..."

Nikaumeza mwisho wa ile methali. Mama aliujua, kila mtu anaujua.

"Malizia," akasema. "Mbona humalizii? Kifo humuumbua. Basi kiniumbue nikiwa na sindano mkononi. Afadhali hivyo kuliko kukaa dirishani nikihesabu magari kama mzigo uliosahauliwa." Akaniashiria nisogee. Nikasogea. Akaushika mkono wa gauni, ule mmoja, akaunyoosha begani kwangu kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. "Sikiliza. Nimekukubali. Utaolewa kwa gauni langu, na siku hiyo nitakushika mkono mwenyewe mbele ya watu, na atakayesema umewahi kuachika nitamshona mdomo. Sitaki kitu kwako. Nyamaza tu. Hukuona mguu, hukusikia pumzi. Umekuja kupimwa gauni, umepimwa, umekwenda zako."

Nisidanganye: nilitaka kunyamaza. Nilitaka kwa mwili mzima. Mwaka mzima nimemngoja mwanamke huyu aniite ndani, na sasa kaniita, na mlango wenyewe una sharti moja dogo. Nani angejua? Mwenzangu angeendelea kumpima mguu wa mwali. Mimi ningekuwa mke wa Pandashuka, ningelala nikiwa nimeegemea kifua kile na kuamka nacho. Nilifumba macho nikajiona ndani ya gauni lililokamilika.

Kisha nikaisikia tena ile filimbi.

Nikachukua futi shingoni kwake, nikapiga magoti kwa shida, pini zikinichoma mbavu, nikaizungusha kwenye kifundo cha mguu wake.

"Unafanya nini?"

"Na mimi nakupima." Nikabonyeza ngozi kwa kidole gumba, nikaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. "Tazama, mama. Tazama mwenyewe. Na kuna watu wengine wanakunywa kidonge hiki. Kuna yule mzee mnayekaa naye benchi, anayekuchekesha. Na yeye akificha, na mwingine akificha, tutasema dawa ni salama. Tutawapa watu nchi nzima."

"Hao si wakwe zako."

"Lakini wewe ni mkwe wangu."

Alinipiga kofi mkononi, halikuwa kali, nami sikuondoa futi. Ndivyo Pandashuka alivyotukuta, mimi nimepiga magoti, mama yake kainua kiganja, na yeye mikono mitupu bila uzi wowote.

"Nani anamnunulia mama vidonge vya maji?" nikamuuliza.

Akafunga mlango nyuma yake.

"Pandashuka. Mama hashuki ngazi hizi ila siku ya hospitali. Nani anamnunulia?"

"Aliniambia ni vya presha."

"Na ukaamini?"

"Mwanzoni." Akauegemea mlango. "Kisha nikamwona analala amekaa. Nikamuuliza. Akasema nikikuambia, harusi hakuna."

"Ukanyamaza."

"Nilikutaka wewe!" Sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka mama akashtuka. "Mwaka mzima ananiambia hapana, hapana, hapana. Halafu siku moja anasema ndiyo, na anashona, na anaimba akishona. Ningefanya nini, Sindano? Kila mtu humu ndani alikuwa na furaha. Nikasema, acha wiki moja ipite. Ikapita. Nikasema, nyingine."

Kupendwa namna ile ni kitu cha kutisha. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumzaba kibao, na sikufanya hata kimoja. Nikaichukua simu yangu kwenye mkoba.

"Ukipiga," mama akasema taratibu, "huna mume."

Nilimtazama Pandashuka. Nilimpa nafasi ya kusema neno moja tu. Akaangalia tena sakafu.

Nikampigia daktari mkuu. Nilimweleza miguu, mito, filimbi ya kifuani, vidonge vya maji. Alisikiliza bila kunikatiza, na daktari yule asipokukatiza ujue mambo si mazuri. Akasema, "Asinywe tena hata kidonge kimoja cha utafiti. Mlete sasa hivi, usingoje kesho. Natuma gari."

Mama aliinuka. Alinichomoa pini moja moja, bila kunichoma hata mara moja, mikono yake imetulia kabisa. Hilo ndilo lililoniumiza. Aliponivua gauni alilikunja kifuani kwake.

"Vaa shati lako. Nilisema mapema, sirekebishi mitumba."

"Mama, gari linakuja."

"Lije. Siendi. Toka."

"Mama, mwache," Pandashuka akasema. Lakini hakusogea, na mimi nikatoka peke yangu.

Nilishuka ghorofa moja nikaketi kwenye ngazi, viatu mkononi. Nilikuwa nasubiri gari, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kusema kweli sikutaka kwenda mbali naye. Juu yangu nikasikia cherehani ikiwaka, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kwa hasira. Alikuwa ananionyesha. Alikuwa anaushona ule mkono wa pili ili nijue vidole vyake bado vina kazi. Nikacheka huku nalia. Ukaidi ule! Nikasema moyoni, shona mama, shona, mradi nakusikia.

Cherehani ikanyamaza.

Nikangoja. Fundi husimama akageuza kitambaa, akakata uzi, akaendelea. Nikangoja ageuze kitambaa. Ukuta ulikuwa baridi mgongoni mwangu. Cherehani haikuwaka tena.

"Sindano!"

Nilishaanza kupanda kabla hajamaliza kuita.

Mama alikuwa ameinamia meza, viganja viwili vimeshika ukingo, midomo imegeuka majivu. Sindano ya cherehani ilikuwa imezama kwenye kitambaa, mkono wa pili umeshonwa nusu. Alikuwa anapigania pumzi kwa mabega. Alikuwa bado analishikilia gauni, na gauni limeshikwa na mashine.

"Kata uzi!" nikasema. "Usimlaze, akae wima. Leta kile kiti."

"Gari?"

"Halijafika. Tunamshusha wenyewe. Lifti yako iko wapi, fundi?"

Ulikuwa utani wa kikatili, nami niliujutia hapo hapo. Lakini ulimwamsha. Alikata uzi, akamweka mama kwenye kiti, akamfunga kifuani kwa lile shuka jeupe lililokuwa likifunika cherehani. Yeye alishika nyuma, mimi nikashika mbele, na tukaanza kushuka nikiwa nimemtazama mama usoni. Kila ngazi kiti kilinichapa magoti. Pandashuka alikuwa analia wazi wazi bila kufuta, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imembeba mama yake.

"Nilipaswa kukuambia," akasema juu ya kichwa cha mama.

"Ulipaswa."

"Utanisamehe?"

"Shika kiti. Tutagombana tukifika chini."

Ghorofa ya pili tulilazimika kupumzika. Mama alifumbua macho. Gauni lilikuwa mapajani kwake, sijui alilichukuaje.

"Watanizuia dawa," akasema. Kila neno lilikuja na pumzi yake.

"Ndiyo, mama."

"Vidole vitauma."

"Vitauma sana."

"Ungenidanganya basi. Kidogo tu."

"Siku nikikudanganya, mama, siku hiyo ndiyo uogope."

Alinitazama. Kisha akanishika kidole changu kwa vidole vyake, vikavu, vyenye nguvu, vinavyokunja na kukunjua. Sikukitoa.

"Mkono wa pili haujaisha," akasema.

"Nitalivaa hivyo hivyo. La mkono mmoja."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Utawashona midomo, uliniahidi."

Kitu kama kicheko kilimpita kooni, kikaishia kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuisha. Alipotulia hakunitazama tena. Aliinua kichwa kwa mwanawe, akasema kana kwamba mimi sipo pale:

"Mwambie mkwe wangu ashike kiti vizuri. Ataniangusha."

Nilikishika vizuri. Tukainua. Ngazi za ghorofa mbili zilikuwa bado, chini hakukuwa na sauti ya gari, na ile filimbi kifuani mwake ilikuwa imeanza kukatika katikati.